Kulipia Matunzo ya Mzazi Bila Kuifilisi Familia

Vikao vya familia kuhusu mzazi anayehitaji matunzo ya muda mrefu huanza, mara nyingi, na swali la watoto: tufanye nini ili nyumba isiuzwe na akiba isiishe? Ni swali la haki, lakini limeanzia mwisho. Linachukulia kwamba mali imekwisha kuwa mirathi, ilhali mwenye mali yu hai, anahitaji kuogeshwa na kulishwa, na mtu aliye hai hana warithi bado, ana watoto tu. Nimekuwa mshika daftari la matumizi ya shangazi yangu kwa miaka kadhaa, na kazi hiyo imenipa msimamo ambao baadhi ya ndugu zangu hawaupendi. Mali aliyoichuma mzee ni fungu la kwanza la kumtunza yeye mwenyewe, kinachobaki ndicho cha warithi, na anayetaka kibaki kitu cha maana hana budi kupanga matumizi mapema na kwa maandishi badala ya kutafuta mahali pa kuificha.

Matunzo ninayoyazungumzia hapa ni tofauti na matibabu. Ni msaada wa kila siku kwa mtu asiyeweza tena kuoga, kuvaa, kula, kwenda msalani au kuinuka kitandani peke yake, au kwa yule ambaye mwili wake bado una nguvu lakini kumbukumbu zimemtoka kiasi kwamba hawezi kuachwa na jiko linalowaka. Tofauti hiyo ina uzito mkubwa wa fedha, kwa sababu bima ya afya kwa kawaida hulipia daktari, dawa na kulazwa, kisha huishia hapo. Marekani, kwa mfano, mpango wa serikali uitwao Medicare, ambao huwahudumia hasa watu wa miaka 65 na zaidi, hulipia makao ya uuguzi kwa siku zisizozidi 100 baada ya mgonjwa kulazwa hospitalini, na kuanzia siku ya 21 mgonjwa hutakiwa kuchangia. Anayehitaji tu kuogeshwa na kuangaliwa halipiwi makao hayo kabisa. Familia nyingi huligundua jambo hili wiki ileile ambayo hospitali inataka kitanda chake, na uamuzi unaofanywa wiki hiyo huwa ndio wa gharama kubwa kuliko yote.

Kabla ya wakili, kabla ya kikao cha pili, kuna hesabu moja ya kufanya. Chukua gharama ya matunzo ya mwezi, utoe mapato yote ya mzee, yaani pensheni, kodi ya chumba alichopangisha, gawio na chochote kingine kinachoingia kila mwezi, kisha ugawanye akiba yake kwa pengo linalobaki. Tuseme matunzo ni vipimo 16 vya fedha kwa mwezi, mapato ni vipimo 10, na akiba ni vipimo 216. Pengo ni 6, na akiba itadumu miezi 36. Hapo ndipo wengi hufunga daftari. Lakini gharama za matunzo hupanda, kwa kuwa mhudumu hudai nyongeza na hali ya mzee nayo huzidi kuhitaji mikono zaidi, wakati pensheni nyingi hubaki palepale. Gharama ikipanda kwa asilimia 10 kila mwaka na mapato yasibadilike, pengo la mwaka wa pili huwa 7.6 na la mwaka wa tatu 9.36, na akiba ileile huisha kabla ya mwezi wa 30 kumalizika. Nusu mwaka mzima umepotea kwa sababu ya nyongeza ambayo hakuna aliyeiandika. Kila familia ninayoifahamu ambayo ililazimika kuuza ardhi kwa bei ya kutupa haikukosa mali. Ilikosa kujua miezi iliyobaki, ikashtuka pale fedha taslimu zilipoisha, na mnunuzi alipoona wana haraka akataja bei aliyoitaka.

Wazo la kwanza linalotolewa karibu kila kikao ni kuandikisha nyumba kwa jina la mtoto. Linaonekana jepesi: mzee atakuwa hana mali, serikali itabeba gharama, nyumba itabaki. Nitalikalia wazo hili kwa muda, kwa sababu ndilo lililowaponza wengi, tena watu wenye nia njema.

Nchi ambazo serikali huwalipia matunzo wasio na uwezo zimekwisha kulitarajia. Marekani, mpango wa Medicaid, ambao ndio hulipia matunzo ya muda mrefu kwa watu maskini, huangalia nyuma miezi 60 kabla ya maombi katika karibu majimbo yote. Zawadi yoyote iliyotolewa ndani ya kipindi hicho huzaa adhabu, na namna adhabu inavyohesabiwa inastahili kusomwa mara mbili. Thamani ya zawadi hugawanywa kwa wastani wa gharama ya mwezi ya makao ya uuguzi katika jimbo husika, na jibu linalopatikana ndilo idadi ya miezi ambayo mpango hautalipa. Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2006, miezi hiyo huanza kuhesabiwa siku ambayo mwombaji ameshafilisika na angekuwa anastahili kusaidiwa. Kwa maneno mengine, adhabu humkuta mzee akiwa hana fedha, na nyumba iko kwa jina la mtoto ambaye huenda ameshaiweka rehani. England hakuna hata kipindi maalumu. Halmashauri ikiona kwamba mtu alitoa mali yake kwa lengo la kukwepa kulipia matunzo, inaweza kumhesabu kana kwamba bado anayo, hata kama imepita miaka mingi. Watu huchanganya jambo hili na kanuni ya miaka saba, ambayo ni ya kodi ya mirathi na haihusiani na matunzo. Ujerumani, aliyetoa zawadi kisha akashindwa kujikimu anaweza kuidai irudishwe ndani ya miaka 10, na ofisi ya ustawi wa jamii ikishaanza kumsaidia inaweza kuidai kwa niaba yake.

Hata pale ambapo serikali hailipi chochote, na kwa hiyo hakuna wa kukagua, uhamisho wa namna hiyo una hatari nyingine zisizohitaji sheria ya matunzo. Nyumba ikishakuwa ya mtoto, ni ya mtoto. Wadai wake wanaweza kuifuata. Akitalikiana, inaweza kuingia katika mgawanyo. Akitangulia kufariki, na watoto hutangulia, inakwenda kwa warithi wake, na mzee hujikuta mpangaji wa mkwe aliyeolewa upya. Mtoto mwenyewe anaweza kubadilika. Bunge la India lilipopitisha mwaka 2007 sheria ya matunzo na ustawi wa wazazi na wazee, liliweka kifungu cha 23, ambacho kinamruhusu mzee aliyetoa mali kwa sharti la kutunzwa kuomba uhamisho huo ubatilishwe iwapo aliyepewa amelivunja sharti. Sheria haitungwi juu ya jambo lisilotokea. Funzo la kiutendaji lililomo humo linafaa popote: kama mzee ameamua kutoa, basi sharti la kutunzwa na haki yake ya kuishi ndani ya nyumba hiyo hadi mwisho wa uhai wake viandikwe ndani ya hati yenyewe, kwa lugha iliyo wazi, kwa sababu ahadi ya mdomo iliyotolewa sebuleni haina pa kushikiwa.

Kwa familia za Kiislamu ipo tahadhari ya ziada ambayo husahaulika katika haraka. Hiba hukamilika kwa kukabidhi. Mzee aliyeandika hati huku akiendelea kushika funguo na kupokea kodi anaweza kuwa hajatoa kitu. Na hiba inayotolewa katika maradhi ya mauti, kwa kauli ya wanazuoni walio wengi, huchukua hukumu ya wasia: haivuki theluthi ya mali, na haimfai mrithi mmoja bila ridhaa ya warithi wengine. Kumpeleka mgonjwa aliyekwisha kuzidiwa akaweke dole gumba kwenye hati ni kujitafutia kesi.

Baada ya hesabu, jambo ambalo ningelishughulikia kabla ya lingine lolote ni mamlaka ya kutenda kwa niaba ya mzee. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu zaidi ya milioni 55 wanaishi na magonjwa ya kupoteza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, na kwa kila mmoja wao kuna siku ambayo sahihi yake iliacha kuwa na nguvu kisheria. Hakuna anayeijua siku hiyo mapema. Baada yake, benki hufunga milango, shamba haliwezi kupangishwa, na watoto wenye mzazi mwenye mali huchangishana fedha za kumlisha. Njia inayobaki ni kuomba mahakama imteue msimamizi, jambo linalochukua muda, gharama na, mara nyingi, amani ya ndugu.

Hati ya uwakili, yaani karatasi ambayo mzee humteua mtu wa kutenda kwa niaba yake, huepusha hayo yote ikiandikwa wakati mzee bado ana akili timamu, lakini kuna mtego ndani yake. Katika nchi nyingi zinazofuata mapokeo ya sheria ya Kiingereza, hati ya kawaida ya uwakili hukoma pale aliyeitoa anapopoteza uwezo wa kuamua, yaani hukoma siku ileile inapohitajika. Ndiyo sababu baadhi ya nchi zimeunda hati ya aina nyingine, inayodumu. England na Wales zina hati ya namna hiyo inayotumika tangu mwaka 2007 chini ya sheria ya mwaka 2005 kuhusu uwezo wa akili, na huwa haitumiki mpaka imesajiliwa. Majimbo ya Marekani nayo yana yake. Kwa hiyo swali la kumuuliza wakili ni moja na liulizwe hivi: hati hii itaendelea kufanya kazi mama akiwa hatutambui? Kama sheria ya mahali husika haina hati inayodumu, ni bora kulijua hilo mapema na kupanga njia nyingine, kama vile kuweka sehemu ya mali chini ya wadhamini walioteuliwa na mzee mwenyewe, kuliko kushika karatasi yenye mhuri na kudhani mmejilinda.

Ningeshauri pia wanaopewa uwakili huo wawe wawili, na mmoja wao asiwe anayeishi na mzee. Sisemi hivi kwa kumtilia shaka anayetunza. Shirika hilohilo la afya linaeleza kwamba takriban mtu mmoja kati ya kila sita wenye umri wa miaka 60 na zaidi hupatwa na aina fulani ya unyanyasaji katika jamii ndani ya mwaka mmoja, na unyang'anyi wa fedha ni mojawapo ya aina hizo. Daftari linalosomwa na watu wawili humlinda mzee, na humlinda vilevile mtunzaji mwaminifu dhidi ya maneno ya ndugu walio mbali.

Kuhusu huyo mtunzaji, nadhani ndipo familia nyingi hupoteza mali bila kujua kwamba zinapoteza. Tunahesabu fedha zinazotoka mfukoni mwa mzee. Hatuhesabu mshahara wa binti aliyeacha kazi ili akae naye. Mara nyingi ni binti, na kwa kawaida ni yule ambaye hajaolewa au ambaye nduguze wameamua, bila kumuuliza, kwamba kazi yake ina faida ndogo kuliko zao. Anapoacha kazi hupoteza mshahara, michango ya pensheni, na miaka ya kupanda cheo ambayo hairudi. Baada ya miaka sita mzee anafariki, nyumba inagawanywa sawa kwa sawa, na binti anabaki akiwa amelipa peke yake gharama ambayo wote waliiokoa. Familia husema mali imenusurika. Imenusurika kwa mgongo wa mtu mmoja, naye ataingia katika uzee wake akiwa hana akiba, na watoto wake watarithi tatizo lilelile.

Dawa yake si ngumu, ila inaona haya kutajwa: mkataba wa matunzo. Mzee, akiwa na akili zake, au aliyepewa uwakili akiwa na mamlaka, anakubaliana na mtunzaji kwa maandishi kuhusu kazi zitakazofanywa, saa zake, malipo yanayolingana na yale ambayo angelipwa mhudumu wa nje, siku za mapumziko na nani atashika zamu siku hizo. Malipo hutoka katika mapato na akiba ya mzee. Mkataba uandikwe kabla ya kazi kuanza, kwa kuwa malipo ya kazi iliyopita ambayo hayakuwa na makubaliano huonekana kirahisi kuwa zawadi, na Medicaid ya Marekani huyatazama hivyohivyo. Sheria hiyo, pamoja na ukali wake, inamtambua mtunzaji kwa namna ambayo ningependa familia ziige. Mtoto aliyeishi katika nyumba ya mzazi kwa angalau miaka miwili kabla ya mzazi kuhamia makao ya uuguzi, akamtunza kiasi cha kuchelewesha kuhama huko, anaweza kuhamishiwa nyumba hiyo bila adhabu. Nimewahi kusikia kaka akisema kikaoni kwamba kumlipa dada kwa kumtunza mama ni aibu. Hakuona aibu kudai fungu sawa la nyumba ambayo dada ndiye aliyeizuia isiuzwe.

Wapo wanaopendelea mtunzaji asilipwe sasa, deni lake liandikwe na lilipwe kutoka katika mali baada ya kifo. Inawezekana, kwa sababu karibu kila mfumo wa mirathi, wa dini na wa serikali, hulipa madeni kabla ya kugawa urithi. Lakini deni lisilo na karatasi hubishaniwa mbele ya jeneza, na aliyelitambua kwa mdomo ndiye aliyelala ndani yake.

Mwenzi wa mzee asisahaulike. Fedha za pamoja zikiisha kwa matunzo ya mmoja, mwingine hubaki maskini angali mzima. Tangu mwaka 1988 sheria ya Marekani imeweka kando sehemu ya mali na mapato kwa ajili ya mwenzi anayebaki nyumbani, na England nyumba haihesabiwi iwapo mwenzi, au ndugu mwenye miaka 60 na zaidi, anaendelea kuishi humo. Pasipo na kinga ya namna hiyo, familia yenyewe iiweke: hesabu ya miezi niliyoitaja ifanywe kwa watu wawili.

Mpangilio wa kutumia mali nao una busara yake. Mapato huanza, kisha fedha taslimu, kisha mali iliyolala isiyozalisha kitu, kama kiwanja kilichozungushiwa ua au gari ambalo mzee hataliendesha tena. Nyumba huwa ya mwisho, na hata hiyo ipangishwe kabla ya kufikiriwa kuuzwa, ikiwa hakuna anayeishi ndani. Huko England halmashauri zinaweza kumlipia mtu matunzo na kusubiri deni lake hadi nyumba itakapouzwa, mara nyingi baada ya kifo. Mikopo ya kibiashara inayolipwa kwa thamani ya nyumba hufanana na mpango huo kwa mbali, lakini riba yake hujilimbikiza juu ya riba, na mzee anayeishi miaka mingi anaweza kuimaliza nyumba yote bila tofali kuguswa. Ningeikubali pale tu ambapo wote wamesoma jedwali la deni hadi mwaka wa kumi na tano.

Bima ni habari fupi, kwa kuwa kwa mzee aliyekwisha kuugua imepitwa na wakati. Ujerumani ilianzisha bima ya lazima ya matunzo mwaka 1995 na Japani ikafuata mwaka 2000, ambapo kila mtu huanza kuchangia akiwa na miaka 40 na mtumiaji hulipa kati ya asilimia 10 na 30 ya gharama. Hata hivyo bima ya Ujerumani hulipa sehemu tu. Ziada hutoka kwa mzee, na tangu mwaka 2020 serikali huwageukia watoto wenye kipato kinachozidi yuro 100,000 kwa mwaka pekee. Anayesoma haya akiwa na miaka 45 anafaa kuulizia bima ya namna hiyo kwa ajili yake mwenyewe, si kwa ajili ya baba yake.

Limebaki jambo moja ambalo huwashtua hata walioshika daftari vizuri. Uwakili, wa aina yoyote, hukoma mzee anapofariki. Binti aliyekuwa akitoa fedha benki kihalali Jumatatu hana ruhusa ya kutoa hata senti Jumanne, ikiwa mama alifariki usiku, na akizitoa kwa ajili ya maziko anaweza kulazimika kuzieleza mbele ya msimamizi wa mirathi, ambaye huteuliwa kwa utaratibu mwingine kabisa na huenda akawa mtu mwingine. Sisi tuliketi na shangazi, akiwa bado anatania, tukaandika kiasi alichotaka kitumike katika maziko yake, kikawekwa katika akaunti tofauti yenye masharti aliyoyakubali mwenyewe. Ukurasa huo wa daftari una sahihi yake na za mashahidi wawili wasio warithi.